Uliza Ujibiwe: Gwaride la New York ukiwa Mwanza

Kuanzia Novemba hadi Februari barua zinazotufikia huuliza karibu kitu kimoja: nitaonaje gwaride fulani, fataki fulani au mnara fulani mubashara, kwa simu niliyonayo? Zilizofanana tumeziunganisha. Saa zote humu zimeandikwa Kiswahili na ni za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, isipokuwa tulipotaja mji mwingine. Msomaji wa Bujumbura, Kigali, Goma au Lubumbashi apunguze saa moja, wa Kinshasa mbili. Wa Muscat na Dubai aongeze moja.

SWALI: Ndugu mhariri, siku ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Marekani, mwaka jana nilifungua kamera ya Times Square kuanzia saa kumi jioni nikisubiri yale maputo makubwa ya gwaride la duka la Macy's. Niliona teksi na watu wanapiga picha mpaka bando likakata. Mtandao haukusumbua hata kidogo. Tatizo nini? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Maputo hayapiti hapo. Gwaride la Macy's, lililoanza mwaka 1924, huondoka West 77th Street kando ya bustani ya Central Park, hushuka Central Park West hadi Columbus Circle, hukata kushoto kufuata Central Park South, kisha huingia Sixth Avenue na kuteremka hadi dukani Macy's, pale Herald Square, 34th Street. Zamani lilipita Broadway. Mwaka 2009 likaondolewa huko, na tangu 2012 linatumia Sixth Avenue. Times Square ipo barabara ya pembeni, na kamera zake siku hiyo hazina cha kuonyesha zaidi ya wapita njia.

Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote katika barua tunazopata, na halihusiani na kasi ya intaneti. Kabla ya kufungua kamera yoyote tafuta vitu viwili: njia ya gwaride ya mwaka huo kutoka kwa waandaaji wenyewe, na mahali kamera iliposimama pamoja na upande inaotazama. Viweke vyote kwenye ramani moja. Usiliamini jina la kamera peke yake, kwani yenye jina “Central Park” inaweza kuwa ghorofa ya arobaini ikitazama miti. Usiitegemee hata njia ya mwaka uliopita. Gwaride la Ufaransa la Julai 14, lililozoeleka Champs-Élysées, mwaka 2024 lilihamishiwa Avenue Foch kwa sababu ya Olimpiki.

Kwa Macy's, tafuta kamera ambayo maelezo yake yanataja Columbus Circle, Central Park South, Sixth Avenue au Herald Square. Miaka ya karibuni gwaride limekuwa likianza saa mbili na nusu asubuhi za New York, yaani saa kumi na nusu jioni kwetu. Njia nzima ni kilomita 4. Gwaride lenye bendi na maputo hutembea kilomita 3 hivi kwa saa, maana husimama mara kwa mara, kwa hiyo kichwa chake hufika mwisho baada ya saa moja na zaidi. Katika mitaa ya Manhattan iliyopewa namba, hatua 20 za namba ni kama kilomita 1.6. Kwa hesabu hiyo, kamera iliyopo 59th Street itaona kichwa cha gwaride nusu saa hivi baada ya kuanza. Huna haja ya kuiwasha kuanzia saa kumi.

Angalia na upepo. Kanuni za jiji zinakataza maputo makubwa kupaa pale upepo wa kudumu unapozidi kilomita 37 kwa saa, au mapigo yake yanapozidi 55. Kanuni hizo zilitokana na ajali ya mwaka 1997, puto lilipogonga nguzo ya taa na kuumiza watu. Utabiri ukikaribia namba hizo, jua kwamba huenda ukaona magari yaliyopambwa na bendi bila puto hata moja.

Jambo la mwisho kwa Mwanza: matangazo ya televisheni ya gwaride hili yana haki za Marekani na mara nyingi hufungwa nje ya nchi hiyo. Kamera za mtaani kwa kawaida hazifungwi, ila hazina mtangazaji. Chapisha orodha ya maputo ya mwaka huo kabla, la sivyo utabaki kubahatisha ni katuni gani inapita.

SWALI: Nami nilikaa kwenye kamera ya Bourbon Street, New Orleans, siku ya Mardi Gras. Watu tele, magari ya mapambo hakuna. Nayo imehamishwa? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Ilihamishwa zamani. Magwaride makubwa yalipigwa marufuku ndani ya French Quarter, mtaa wa kale ilipo Bourbon Street, tangu mwaka 1973: mitaa ni myembamba, mabaraza ya chuma yamening'inia pande zote mbili, na gari la zimamoto lisingepita. Magari makubwa sasa hupita St. Charles Avenue na kuishia Canal Street au kuivuka. Hizo ndizo kamera za kutafuta.

Siku yenyewe ni Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa hiyo huhama kila mwaka pamoja na Pasaka. Mwaka 2027 ni Februari 9. Chama cha Zulu huanza saa mbili asubuhi za New Orleans, sawa na saa kumi jioni Lubumbashi. Chama kingine, Rex, ambao gwaride lao ni la tangu 1872, huanza saa nne na nusu asubuhi, kwenu saa kumi na mbili na nusu jioni. Zulu ni chama cha Wamarekani weusi wa mji huo, na zawadi yao inayogombewa kuliko zote ni nazi iliyopakwa rangi. Haitupwi kama shanga. Hukabidhiwa mkononi, kwa sababu nazi ya kurushwa kutoka juu ya gari ilikwisha pasua vichwa na kufikisha watu mahakamani. Ukiona mtu kwenye kamera anasukuma umati kulikaribia gari mkono ukiwa juu, ni nazi hiyo anayoitaka.

Bourbon Street usiiache kabisa. Saa sita kamili ya usiku huo, polisi wa farasi huipita barabara nzima kutangaza kwamba sherehe zimekwisha, wafagiaji wakifuata nyuma. Kwenu ni saa mbili asubuhi ya Jumatano, na ndiyo nusu saa nzuri kuliko zote za kamera hiyo.

SWALI: Kila mwaka nakosa tukio kwa saa moja, wakati mwingine nawahi, wakati mwingine nachelewa. Tafadhali nipeni hesabu isiyobadilika. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Isiyobadilika haipo, kwa sababu wao hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatubadilishi. Ila inafuata utaratibu.

New York ipo nyuma yetu kwa saa 8 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi. Muda uliobaki ni saa 7. Chicago na New Orleans ongeza saa moja juu ya hizo, California ongeza tatu. London na Dublin zipo nyuma kwa saa 3 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, kisha 2. Paris na Roma ni 2, kisha 1. Tokyo na Dubai hazigusi saa zao: ya kwanza ipo mbele yetu kwa 6, ya pili kwa 1.

Wengi hukosea katika wiki ambazo Marekani imeshabadili na Ulaya bado, na Siku ya Mtakatifu Patrick, Machi 17, inaangukia humo humo. Gwaride la New York huanza saa tano asubuhi kwao, na kwa kuwa tofauti imeshashuka hadi 7, kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Dublin bado ipo kwenye tofauti ya 3: gwaride la saa sita mchana ni saa tisa alasiri kwetu. Machi 17 ikiwa Jumapili, la New York hufanyika Jumamosi, siku moja kabla. Na mto wa Chicago unaotiwa rangi ya kijani, desturi ya tangu 1962, hutiwa Jumamosi iliyo karibu kabla ya sikukuu. Wanaoutafuta tarehe 17 yenyewe hukuta maji yamesharudi rangi yake.

Mkesha wa Mwaka Mpya unaweza kuufuata dunia nzima Desemba 31. Sydney hufyatua fataki za watoto saa saba mchana kwetu na zile kubwa saa kumi jioni. Tokyo ni saa kumi na mbili jioni, Burj Khalifa ya Dubai saa tano usiku, kisha sisi wenyewe, Paris saa nane usiku, London saa tisa usiku. Mpira wa taa wa Times Square, New York, hushuka kwa sekunde 60 kuanzia dakika moja kabla ya saa sita usiku, nasi ni karibu saa mbili asubuhi, Januari mosi. Jioni hiyo hiyo, saa moja, huanza gwaride la maua la Pasadena, California, lenye njia ya kilomita 9 hivi na mwendo wa kilomita 4 kwa saa. Hilo lina kanuni ya tangu 1893: Januari mosi ikiwa Jumapili, gwaride ni Januari 2. Ilitokea hivyo mwaka 2023, na ukurasa wetu ulijaa barua za waliokaa mbele ya barabara tupu.

Halafu kuna kosa la kimya kimya: 8:30 ya asubuhi kwenye tangazo la Kiingereza ni saa mbili na nusu, wala si saa nane na nusu. Badili saa ya mji kwanza, ukishapata jibu ndipo uigeuze kwa Kiswahili. Ukifanya yote mawili kwa pamoja kichwani, utapotea kwa saa sita.

SWALI: Tulikuwa tunahesabu kumi, tisa, nane na simu, jirani mwenye king'amuzi akaanza kushangilia. Simu yangu mbovu? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Nzima kabisa. Picha ya kamera hubanwa kwanza, hukatwa vipande vya sekunde 2 hadi 6, hupelekwa kwenye seva, na simu yako huweka vipande kadhaa akiba ndipo ianze kuonyesha, ili mtandao ukiyumba isikwame. Jumla huwa sekunde 15 hadi 40 nyuma ya tukio. King'amuzi cha setilaiti nacho huchelewa, ila kwa sekunde chache.

Ukiwa YouTube, tazama nukta iliyo kando ya neno la mubashara chini ya picha. Ikiwa nyekundu upo ukingoni. Ikiwa ya kijivu umebaki nyuma, iguse. Kila mara picha inapokwama na kuendelea unabaki nyuma zaidi bila kujua, kwa hiyo iguse tena dakika tano kabla ya tukio. Kisha hesabu kwa saa inayoonekana ndani ya picha, uiache saa ya simu. Hutamshinda jirani, lakini mtashangilia pamoja nyumbani.

SWALI: Bando la GB 1 linatosha gwaride la saa tatu? (Wasomaji, Dodoma na Nakuru)

JIBU: Linatosha ukilisimamia. Chukua kasi ya picha kwa megabiti kwa sekunde, zidisha kwa 450, utapata MB za saa moja. Picha ya 240p hutumia kama 0.3, yaani MB 135 kwa saa. Ya 360p ni kama 0.6, MB 270. Ya 480p ni kama 1, MB 450. Ya 720p ni 2.5, zaidi ya GB 1.1, na 1080p ni 4.5, karibu GB 2. Gwaride la saa tatu kwa 360p litakula MB 800 hivi. Ubora chagua mwenyewe. Ule wa kujichagulia hupanda wenyewe mara tu mtandao unapotulia, na hapo ndipo bando huyeyuka. Zima pia video ya pili inayojicheza baada ya ya kwanza.

Msomaji wa Nakuru ameongeza kwamba picha ilikuwa safi mpaka karatasi za rangi zilipomwagwa, kisha ikawa vigae vigae. Hiyo hutokea hata kwa mwenye faiba. Kamera ina mgao maalumu wa biti kwa kila sekunde. Jengo lisilosogea linahitaji chache, ila maelfu ya karatasi zinazopepea, theluji au fataki zinadai mara nyingi zaidi ya mgao, basi picha hupoteza ncha zake kwa sekunde hizo. Kuongeza ubora upande wako husaidia kidogo tu.

SWALI: Nitajuaje kama ninachotazama ni mubashara kweli? Kuna ukurasa uliniomba namba ya kadi ya benki. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Funga ukurasa huo. Wiki ya tukio kubwa huzuka kurasa zenye picha iliyoganda, alama ya kucheza katikati, na ombi la kujisajili “bure” kwa kadi. Kamera za mitaani za kweli hujilipa kwa matangazo. Chache zina huduma ya kulipia, lakini haziombi kadi ili kukuonyesha barabara.

Rekodi za zamani zinazopitishwa kama mubashara ni za kawaida zaidi. Anza na jua: kama New York ni saa nne asubuhi na kwenye picha taa za barabarani zinawaka, umedanganywa. Tazama kama barabara imelowa, ulinganishe na hali ya hewa ya sasa ya mji huo. Tafuta saa ya mnara au ubao wa matangazo wenye tarehe. Halafu chagua kitu kimoja cha pekee, mathalani lori jekundu lenye ngazi, ukae dakika ishirini. Rekodi nyingi za kuzungusha hurudia ndani ya muda huo, na lori litapita tena pale pale.

Aina nyingine si ulaghai, ni kamera ya picha mnato inayojibadilisha kila sekunde 30 au kila dakika kadhaa. Inafaa kuangalia kama mvua inanyesha Venice. Kwa gwaride haina maana.

SWALI: Shikamooni. Mama yetu ana miaka mingi na magoti yamemchoka. Anatamani kuona Kaaba na kusikiliza tarawehe ya Makka katika televisheni ya sebuleni. Tunakuta kurasa nyingi, tushike ipi? (Dada na kaka, Tanga)

JIBU: Marahaba. Zipo chaneli mbili za serikali ya Saudia zisizozimwa usiku wala mchana: ya Qurani inayoonyesha Msikiti Mtukufu wa Makka, na ya Sunna inayoonyesha Msikiti wa Mtume, Madina. Zinapatikana kwa setilaiti na pia YouTube. Wanaozinakili ni wengi, kwa hiyo fungua chaneli yenyewe, ihifadhi, na msiwe mnaitafuta upya kila usiku.

Saa za Makka ni sawa na zetu. Ila katika Ramadhani isha ya kule hupangwa saa mbili baada ya magharibi, wakati miezi mingine ni saa moja na nusu. Msikiti wa jirani yenu utakuwa umeshaanza tarawehe wakati Makka bado wanangoja adhana, basi mama ataweza kusali na wenzake na bado akaiwahi ya Makka.

Tofauti na kamera za mitaani, hapa sauti ndiyo muhimu. Mtandao ukiwa mdogo shusheni picha hadi 240p. Kisomo kitabaki wazi, kwa kuwa sauti ni sehemu ndogo sana ya mzigo. Kama televisheni si ya intaneti, kebo ya HDMI kutoka kompyuta haina usumbufu wa kukatika kama kurusha kutoka kwenye simu, na simu haitachemka kwa kukaa saa nne kwenye chaji.

Kwa waliouliza kuhusu Vatikani: baraka ya Papa ya Krismasi kwenye Uwanja wa Mtakatifu Petro ni saa sita mchana za Roma, saa nane mchana kwetu. Chaneli ya kutafuta ni ya Vatican Media.

SWALI: Assalam aleikum. Nina nyumba ya wageni hapa Lamu, mbele ya bahari. Nataka kuweka kamera juu ya paa, jamaa walioko Muscat na Uingereza waone ufuo kila siku na zefe ya Maulidi ikipita. Nianze na vifaa gani? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam. Anza na mtandao, vifaa baadaye, kwa sababu hapo ndipo miradi kama huu hufia. Picha ya 720p kwa megabiti 2.5 inakula GB 27 kwa siku, zaidi ya GB 800 kwa mwezi, na yote ni ya kupandisha. Mipango mingi ya “bila kikomo” hupunguza kasi ukivuka kiasi fulani. Uliza kiasi hicho kabla ya kusaini. Pima kasi ya kupandisha saa mbili usiku, siyo alfajiri, na uhakikishe inakaa angalau mara mbili ya unayohitaji, yaani megabiti 5. Wala usitegemee laini ya simu. Siku ya zefe maelfu ya watu wenye simu watakuwa kwenye mnara mmoja, na kamera yako itakufa saa ile ile iliyonunuliwa kwa ajili yake.

Kamera iwe ya nje, yenye kinga ya vumbi na maji ya daraja la IP66, inayopata umeme kupitia kebo yake ya mtandao. Kebo hiyo isizidi mita 100. Iweze kutuma picha yenyewe YouTube. Kama haiwezi, kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi itafanya kazi hiyo. Halafu kuna mipangilio minne ambayo mafundi huisahau. Ubanaji uwe H.264, kwa kuwa kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa H.265 na huenda picha isipokelewe. Picha iwe fremu 25 kwa sekunde, na fremu kamili ije kila sekunde 2, yaani weka 50. Kizuia kupepesa kiwe hertzi 50 kama umeme wetu, la sivyo taa za usiku zitacheza. Nyuzi ya sauti lazima iwepo hata kama ni kimya, maana YouTube hulalamika isipoikuta. Akaunti mpya pia ithibitishwe kwa namba ya simu, na ruhusa ya kurusha mubashara huweza kuchukua hadi saa 24. Usiliache hilo mpaka siku ya Maulidi.

Sasa mahali. Ufuo wa mji wa Lamu unatazama mashariki, kisiwani Manda. Kamera ikielekezwa baharini moja kwa moja, jua la asubuhi litaipiga usoni, na watu wote watakuwa vivuli vyeusi hadi karibu saa nne. Ielekeze kwa urefu wa gati, kaskazini au kusini, bahari ibaki upande mmoja wa picha na njia ya watu upande mwingine. Hivyo zefe itakuja kuikabili kamera na kukaa ndani ya picha kwa dakika kadhaa. Kamera inayoikata njia huiona kwa sekunde chache tu. Kimo cha mita 6 hadi 8 kinatosha. Ukipanda juu zaidi, ngoma na fimbo hazionekani tena.

Hapo hapo angalia ni nini kingine kinaingia. Mapaa ya Lamu ni vyumba vya watu, wanawake hukaa humo jioni wakijua hakuna anayewaona. Paa au dirisha la jirani lisiingie kwenye picha. Kama haliepukiki, kamera nyingi zina kiraka cheusi cha kufunika sehemu hiyo daima. Zima kipaza sauti. Weka kibao mlangoni kinachosema kamera ipo, kwani Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahusu nyuso za wapita njia pia. Na kabla ya zefe zungumza na wazee wa Msikiti wa Riyadha, wao ndio wenye shughuli.

Chumvi haikosi kukusumbua. Futa kioo kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kitambaa laini kila wiki, na mara mbili kwa wiki upepo unapovuma kutoka baharini. Kitambaa kikavu kitakwaruza. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kiungio cha kebo kipakwe grisi ya silikoni na kufungwa, kwa sababu kutu huanza kwenye pini zake miezi mingi kabla kamera yenyewe haijachoka. Taa za usiku za kamera huvutia wadudu, wadudu huleta buibui, na utando mmoja mbele ya kioo huifanya picha yote kuwa nyeupe. Zizime, taa za gati zinatosha.

Umeme: kamera wati 8, rauta wati 12, kompyuta ndogo wati 6, jumla 26. Umeme ukikatika kwa muda wa saa nne, unahitaji wati-saa 104. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 20 ina 240, lakini usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo ndiyo saizi yako, bila ziada kubwa.

Neno la siri la kiwandani libadilishe siku ya kwanza, na usifungue mlango wowote wa rauta ili “uione kamera ukiwa mbali”. Kamera itume picha nje; nje pasiingie mtu.

SWALI: Nilipitiwa na usingizi, London ikanipita. Nikirudi asubuhi kwenye kamera ile ile nitaipata rekodi? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Unaweza kurudisha nyuma ndani ya mubashara wenyewe hadi saa 12 kama mwenye kamera ameruhusu. Fataki za London ni saa tisa usiku kwetu, basi una nafasi mpaka karibu saa tisa alasiri. Baada ya hapo usitegemee: YouTube huhifadhi yenyewe matangazo ya chini ya saa 12, na kamera inayowaka mwaka mzima imeshauvuka muda huo. Tafuta chaneli ya waandaaji, ambao hurusha tukio lenyewe tu, na yao hubaki.